Motokaa za Wazee na Sisi Vijana

Mara nyingi nimesikia wazee wakilalamika ya kuwa vijana wa leo hawazijali motokaa za zamani, na ya kuwa wao wakifa motokaa hizo nazo zitakufa. Mimi sikubali. Kijana atakipendaje kitu ambacho tangu utoto amekatazwa kukigusa?

Babu yangu anayo Peugeot 404 nyeupe, ya gia za kwenye usukani. Motokaa za namna hiyo zilianza kuuzwa Ufaransa mwaka wa 1960, na huku kwetu zilipata sifa katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Zilishinda mwaka wa 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mwaka wa 1963 zilitoka motokaa 84 za kila aina, na kwa ajili ya mvua na matope zikafika saba tu. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa dereva wa Tanzania, Bert Shankland, na babu akimtaja huyo hunyosha mgongo kana kwamba walikuwa wote ndani ya gari. Lakini sisi wajukuu tulipoikaribia boneti alitufukuza kama kuku walioona mtama.

Mwaka jana breki zilikufa, motokaa ikawekwa chini ya mwembe. Siku moja baba mdogo alikuja na mnunuzi wa chuma chakavu, na mizani yake. Akasema, "Baba, hii sasa inakula uwanja tu." Babu hakujibu neno. Basi nikaomba ruhusa ya kusema, jambo lisilo jepesi kwa mtoto wa Kidato cha Tatu mbele ya wakubwa. Nikasema, "Babu, naomba utuachie likizo hii tuifungue. Ikitushinda, iuzwe." Babu alinitazama kitambo, kisha akaingia ndani kuleta ufunguo.

Tulifundishwa na fundi mmoja mzee wa mtaani, mimi na mdogo wangu wa kike. Tulikuta injini imelazwa upande, digrii 45, kama mtu aliyelalia ubavu. Tulisugua platini kwa msasa laini, tukafungua kabureta, tukatoa takataka kama kijiko kizima. Motokaa za siku hizi fundi huchomeka kompyuta, naye aambiwa ugonjwa. Hii yataka kusikilizwa. Mdogo wangu alinishinda kabisa kwa jambo hilo. Siku ya nne iliwaka, ikatoa moshi mwingi, na jirani akaja mbio na ndoo ya maji!

Hofu yangu kubwa ni juu ya mafundi. Yule mzee amepita miaka sabini, na katika mtaa wetu sijaona mwingine ajuaye kurekebisha kabureta kwa kusikia tu. Vipuri vingine vyaweza kuchongwa, lakini ujuzi wake haujaandikwa popote. Najua ya kuwa tangu mwaka wa 2003 yako mashindano ya Safari ya motokaa za zamani, yaanziayo Kenya, nayo ni mazuri. Walakini yataka fedha nyingi, na mwana wa mkulima atayatazama akiwa kando ya barabara. Sisi twaweza kuanzia chini ya miembe ya babu zetu, ikiwa watatupa spana.

Siku hizi babu huketi karibu nasi juu ya kigoda na kutusahihisha, hata mahali tusipokosea. Breki bado. Baba mdogo ametupa muda mpaka Krismasi, na mnunuzi amekwisha kupita mara mbili kuulizia. Kwa hiyo, mzazi yeyote asomaye gazeti hili, kama unayo 404 iliyolala uani, tafadhali usiipeleke kwenye mizani kabla ya kutuita. Twahitaji silinda kuu ya breki, hata ikiwa na kutu.