Jicho, Kioo na Bega

Katika viungo vyote vya mwanadamu hapana kilicho na tamaa kama jicho. Mkono ukichoka hulegea, na tumbo likijaa hukataa chakula. Lakini jicho huona, na likiisha kuona hutaka kuona zaidi. Wahenga walinena kwamba macho hayana pazia. Pengine ndiyo sababu mtu anayepewa darubini kwa mara ya kwanza huibandika usoni mwake kana kwamba ataka kuingia ndani yake. Akifanya hivyo kwa darubini ya baharia, hasara yake ni ndogo. Akifanya hivyo kwa darubini iliyofungwa juu ya bunduki, kioo humrudia kwa nguvu ya baruti na kumpasua nyusi. Chombo hicho kidogo, basi, ni mwalimu wa adabu ya jicho, na mafunzo yake yastahili kufikiriwa katika nchi ya Kilwa, ambako silaha za masafa zina historia ndefu na kazi yake haijakwisha.

Kilwa Kisiwani ilizifahamu silaha hizo mapema. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga mbele ya mji na kudai kodi chini ya vitisho vya mizinga; mwaka 1505 Francisco d'Almeida aliuteka mji na kujenga ngome, ambayo Wareno waliiacha mwaka 1512. Gereza lisimamalo leo ufukweni lina sehemu kubwa ya ujenzi wa zama za Waomani, juu ya mabaki ya kazi ya Wareno. Karne nne baadaye, katika vilima vya Umatumbi, wilaya hiyo hiyo ya Kilwa, vita vya Maji Maji vilianza mwezi wa Julai 1905. Wenye mikuki na magobori walikabiliana na wenye bunduki mpya na bombomu. Julai 1915, katika delta ya Rufiji, manowari mbili za Kiingereza, Severn na Mersey, ziliiangamiza Königsberg ya Wajerumani bila wapigaji wake kuiona kwa macho yao: ndege iliruka juu na kuwaelekeza mahali risasi zilipoangukia. Hapo jicho lilikuwa mbinguni na mkono ulikuwa majini. Tarehe 4 Januari 1917, huko Beho Beho, Frederick Selous, mwindaji Mwingereza mwenye umri wa miaka 65, aliuawa kwa risasi ya mdunguaji. Yasimuliwa kwamba alikuwa ameinua kichwa na darubini ili amtafute adui. Pori la akiba likaitwa kwa jina lake mwaka 1922, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Lakini si vita peke yake vilivyoipa bunduki kazi katika nchi hii. Mkulima wa kusini hulala shambani katika dungu ili kulinda mahindi na muhogo wake usiliwe na nguruwe. Na nguruwe afuatapo muhogo, simba humfuata nguruwe, na akimkosa nguruwe humpata mlinzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wamewaua Watanzania wasiopungua 563 na kuwajeruhi wasiopungua 308, na mikoa ya kusini ya pwani ndiyo iliyoumia sana. Katika shida kama hiyo huitwa askari wa wanyamapori, ambaye wazee bado humwita Bwana Nyama. Naye akipiga vibaya, mambo huwa mabaya kuliko asingepiga kabisa. Kwa maana simba aliyejeruhiwa hafi wala hapoi, bali huingia kichakani na maumivu yake, akaja kuyalipiza kwa mtu asiyejua habari yoyote ya risasi ile. Mtu huyo aweza kuwa mtoto aendaye kuchota maji. Hivi ndivyo upana wa vidole vichache kati ya jicho na kioo unavyoweza kuwa suala la uhai na mauti.

Yafaa kueleza jambo lenyewe lilivyo. Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra aliyefanya kazi Misri katika karne ya 11, alithibitisha kwamba mtu huona kwa sababu nuru huingia jichoni, wala si kwa sababu jicho hutoa miale. Darubini ni ushahidi wa maneno yake. Nuru iingiayo kwa kioo cha mbele hukusanywa, ikatoka kwa kioo cha nyuma, na kufanya kiduara cha mwanga nje ya darubini, hewani. Kiduara hicho hakikai juu ya kioo. Katika darubini nyingi za bunduki kimo umbali wa milimita 75 hata 100 nyuma ya kioo: upana wa vidole vinne au vitano, yaani nyanda nne au tano kwa kipimo cha wazee. Hapo ndipo mboni ya jicho itakiwapo kuwapo. Ikisogea mbele mno au ikibaki nyuma mno, uwanja wa kuonea huzungukwa na giza na kuwa mdogo. Ikienda upande, kivuli cheusi hutokea pembeni kama hilali. Na mpigaji asiyekijali huona risasi yake imekwenda upande ulio kinyume cha kivuli.

Ukubwa wa kiduara nao una hesabu yake. Upana wa kioo cha mbele ukigawanywa kwa idadi ya ukuzaji, jibu ndilo upana wa kiduara. Kioo cha milimita 40 kinachokuza mara 4 hutoa kiduara cha milimita 10; kikikuza mara 10, kiduara ni milimita 4 tu. Mboni ya kijana gizani hufunguka kufikia milimita 7 hivi. Kwa hiyo anayekuza sana usiku hujinyima nuru, na zaidi ya hayo hujipa kiduara kidogo ambacho jicho hukitafuta kwa taabu. Tamaa ya kuona karibu humfanya asione kabisa.

Katika Kilwa Kisiwani alikuwako mzee mmoja aliyezaliwa hapo, akatumikia idara ya wanyama bara kwa miaka mingi, kisha akastaafu na kurudi kisiwani kwake kuvua samaki. Mpwa wake alikuwa amefuata kazi hiyo hiyo. Siku moja kijana huyo alivuka kutoka Kilwa Masoko kwa likizo, na juu ya jicho lake la kulia palikuwa na kovu bichi lililopinda kama mwezi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hilo jeraha umelipata kwa nani?"

"Kwa darubini, mjomba. Bunduki ilinipiga teke."

Mzee alimtazama kwa muda, kisha akauliza: "Bunduki hiyo imefungwa kwa shingo ya nani?"

Kijana hakulielewa swali. Alieleza kwamba darubini ilifungwa na mkubwa wake, mtu mrefu na hodari, aliyesimama wima mbele ya ghala na kuona vizuri. Baada ya hapo bunduki ilipita mikononi mwa askari wanne. Yeye aliitumia akiwa amelala kifudifudi ukingoni mwa korongo, akimlenga simba aliyekuwa juu ya mteremko. Risasi ilipita juu ya mgongo wa simba, naye simba akaenda zake mzima.

"Mshukuru Mungu kwamba hukumgusa," alisema mzee. "Kovu lako litapona. Lakini kama ungalimvunja mguu, leo tungalikuwa tunazungumza habari za matanga."

Bunduki ya serikali haikuwapo, nayo haikuhitajiwa. Mzee alitwaa fito ya mkoko, akafunga juu yake kipande cha bua la mpapai, lenye uwazi ndani, na kumwamuru kijana asimame, afumbe macho, alete fito begani kama alivyozoea, alaze shavu, kisha afumbue macho. Akapima kwa vidole umbali kati ya jicho na bua. Akamketisha chini, akapima tena. Akamlaza mchangani, akapima mara ya tatu. Jicho lililokuwa vidole vitano kutoka kwenye bua aliposimama, lilikuwa vidole vitatu alipolala. Na mzee alipoinua ncha ya fito kuelekea juu ya ukuta wa zamani, bua likakaribia kabisa nyusi, mahali pale pale penye kovu.

"Unaona?" alisema. "Mwili mmoja una shingo nyingi. Aliyesimama kichwa chake hubaki nyuma. Aliyelala kichwa chake hutambaa mbele. Aliyekufungia darubini alijipima yeye mwenyewe, tena amesimama."

Kisha akamweleza taratibu ya kazi, naye kijana akaikariri kama mwanafunzi wa chuo. Kwanza bunduki ikaguliwe kwamba haina risasi, na ikaguliwe mara ya pili. Mashimo ya hesi yafutwe mafuta. Darubini iwekwe ndani ya pete bila kukazwa, na ikiwa ina ukuzaji wa kubadilika, iwekwe kwenye ukuzaji mkubwa, kwa kuwa hapo kosa la umbali huonekana upesi. Mpigaji afumbe macho, alete kitako begani, alaze shavu bila kujilazimisha, afumbue. Akiona duara kamili lenye ukingo mwembamba, vema. Akiona giza, isogezwe darubini, isisogezwe shingo. Ajaribu hivyo kwa kusimama, kwa kuketi na kwa kulala, akiwa amevaa nguo zile zile za kazi, maana koti zito huongeza urefu wa kitako. Mahali panapochaguliwa pawe pale panapofaa namna anayopigia mara nyingi, bali pasiwe karibu hata kioo kimfikie usoni alalapo. Baada ya hayo bunduki isawazishwe kwa pimamaji, itundikwe timazi mbele yake, na uzi wa wima ulio ndani ya darubini ulinganishwe na uzi wa timazi. Hapo ndipo hesi zikazwe, kidogo huku na kidogo kule, ili nafasi ya pande mbili za pete ibaki sawa. Mwisho iende uwanjani ikapigiwe shabaha, kwa kuwa kufunga vizuri si sawa na kulenga vizuri.

Neno la timazi halikuwa geni kwa kijana wa kisiwa kile. Ameona mafundi wakikarabati kuta za kale kwa uzi na kipande cha risasi kining'iniacho. Ajabu ya lugha ni kwamba risasi ni jina la madini yanayomwonyesha fundi wima wa ukuta, na pia ni jina la kitu kinachotoka katika mtutu wa bunduki.

Likabaki swali la bunduki moja yenye watu wanne. Kijana aliuliza ifungwe kwa shingo ya yupi. Mzee alifikiri, kisha akajibu kwamba ifungwe kwa yule ambaye jicho lake hufika mbele zaidi, hata kama wengine wataona duara limepungua kidogo. Kwani apungukiwaye na duara hushusha ukuzaji na kulipata, lakini apigwaye usoni huogopa, na mwoga hufumba jicho kabla ya kufyatua. Hofu hiyo haionekani ghalani. Huonekana usiku, penye simba.

Jibu hilo lina maana pana kuliko bunduki. Vyombo vingi vilivyoletwa katika pwani hii vilikuja na kipimo cha miili ya watu wengine, na mara nyingi aliyekabidhiwa chombo aliamriwa apinde shingo yake akifuate. Akishindwa aliitwa mzembe. Ni wachache waliouliza kama mzee yule: kimefungwa kwa shingo ya nani? Swali hilo halikatai chombo wala halimdharau aliyekitengeneza. Ladai tu kwamba hesi zilegezwe, na kwamba mwenye kukitumia apimwe yeye, katika hali zote atakazokuwamo, na kwanza katika hali iliyo ngumu.

Kijana aliporudi kazini aliomba ruhusa ya kufungua pete za darubini, akapewa. Askari wote wanne walilala chini mmoja baada ya mwingine, macho yamefumbwa, na darubini ikasogezwa mbele kwa upana wa kidole kimoja na nusu. Kazi nzima haikuzidi asubuhi moja. Huko mashambani watu waliendelea kupanda madungu yao jioni, wakawasha moto, wakapiga madebe ya kufukuza nguruwe, bila kujua kwamba kidole kimoja na nusu kilikuwa kimeongezwa kati yao na hatari.