Neema ya Damu Kukoma



Miongoni mwa neema ambazo mwanadamu huzitumia kila siku pasi na kuzihesabu ni hii ya damu kujua wakati wa kwenda na wakati wa kukoma. Ndani ya mishipa haina budi iwe majimaji, ipite katika kila kiungo bila ya kizuizi. Lakini mshipa ukatikapo, haina budi igande pale pale palipokatika. Mwanamke akijikata kwa kisu jikoni hufunga kitambaa, na kabla chai haijachemka damu imekoma. Naye huendelea na mapishi yake kana kwamba halikutokea jambo.

Kazi hiyo yategemea vitu vingi, na kimojawapo ni kitu kidogo sana kiitwacho vitamini K. Nimependa kukizungumza kwa sababu katika mtaa wetu wa Jadida, hapa mjini Wete, nimeona kinawagusa watu wa namna tatu ambao mara nyingi huishi chini ya paa moja: mtoto mchanga, mzee wa makamo, na mgonjwa anywaye dawa ya kuizuia damu isigande.

Jina lake lina kisa kifupi. Mwaka 1929 mtaalamu wa Denmark, Henrik Dam, aliwalisha vifaranga wa kuku chakula kilichoondolewa mafuta. Vifaranga wale wakaanza kuvuja damu chini ya ngozi na ndani ya nyama, na damu yao ikachelewa kuganda. Alipoendelea kutafuta akatambua kuwa kiliondoka pamoja na mafuta kitu ambacho hakikuwa kikijulikana, na mwaka 1935 akakitangaza kwa herufi K, ambayo ndiyo ianzayo neno la Kidenmark na la Kijerumani lenye maana ya kuganda. Baadaye Edward Doisy wa Marekani akapata kukichambua na kujua kilivyoundwa. Wawili hao wakashirikiana Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1943.

Ini letu hutengeneza protini kadhaa za kugandisha damu. Nne katika hizo hutoka hazijakamilika mpaka vitamini K izitengeneze ziweze kushika kalsiamu, na bila ya kushika kalsiamu haziwezi kufanya kazi. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na ini zima na damu ya kutosha, walakini akikosa kitu hiki kidogo, jeraha lake halifungi.

Mtu mzima hahitaji nyingi. Wataalamu wa Marekani wameweka makadirio ya mikrogramu 90 kwa siku kwa mwanamke, na 120 kwa mwanamume. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu, basi kadirieni wenyewe udogo wake. Na wapi ipatikanapo? Katika majani mabichi, yale yale yauzwayo mafungu sokoni: mchicha, kisamvu, matembele, majani ya kunde, majani ya maboga. Sahani ya mchicha peke yake hupita haja ya siku nzima. Haifi kwa moto wa kawaida wa jikoni, basi kisamvu chetu, ambacho ni lazima kitwangwe na kichemshwe sana ili sumu yake itoke, hakipotezi faida hiyo. Tena vitamini hii huingia mwilini pamoja na mafuta. Na bibi zetu, ambao hawakumsikia Dam wala vifaranga wake, hawakupata kutuandalia kisamvu bila ya kukitia tui la nazi.

Nasema haya kwa ajili ya vijana hasa. Wako wanaoona haya mgeni akiwakuta wanakula mboga za majani, wakidhani kuwa ni chakula cha asiyenacho. Heshima ya chakula haimo katika bei yake. Mwenye fungu la matembele na nazi moja amekwisha kuitimizia nyumba yake haja hii, na hana sababu ya kwenda dukani kununua vidonge.

Lakini yuko mmoja nyumbani ambaye sufuria ya kisamvu haimfikii. Naye ni mtoto mchanga.

Binti yangu alipokaribia kujifungua, tulizungumza nyumbani habari ya sindano ya vitamini K wanayopewa watoto wanapozaliwa. Shangazi yangu, ambaye amelea watoto wengi kuliko sisi sote, hakuridhika.

“Mwanangu,” aliniambia, “mtoto azaliwe mzima, alie, anyonye, kisha adungwe sindano ya nini? Na huyu mama yake miezi yote tisa amekula mboga. Hazikumtosha?”

Swali lilikuwa la haki, nikamjibu kwa adabu. “Zimemtosha yeye, shangazi, lakini kondo la nyuma halipitishi vitamini hii kwenda kwa mtoto ila kidogo sana. Na maziwa ya mama, kwa ubora wake wote, yana kiasi kidogo mno cha kitu hiki kimoja. Tena vile vijidudu vya tumboni vitengenezavyo sehemu ya vitamini hii kwa watu wazima, mtoto huzaliwa hanavyo.”

“Basi anyonyeshwe ya kopo?”

“Hapana, hapana kilicho mfano wa maziwa ya mama. Mtoto atanyonya, na sindano moja ya miligramu 1 itaziba pengo hilo.”

Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, “Na sisi tuliozaa bila ya sindano hiyo, watoto wetu si hawa?”

Nilimwambia kuwa ni kweli, wengi husalimika. Katika nchi zilizofanya hesabu, kwa kila watoto 100,000 wasiopewa kinga hii, wapatao 4 hadi 7 huvuja damu baada ya wiki ya kwanza, mara nyingi kati ya wiki ya pili na ya kumi na mbili. Idadi ni ndogo. Lakini karibu nusu ya hao damu huvujia ndani ya ubongo, mahali ambapo jicho la mama haliwezi kuona. Na mtoto aliyekuwa akicheka asubuhi hufikishwa hospitali jioni amelegea, na pengine hata akipona hubaki na kilema maisha yake yote. Wengine huvuja mapema zaidi, katika wiki ya kwanza, puani au kitovuni. “Mtoto ni amana, shangazi. Madhara haya ni ya nadra, lakini yakifika hayarudishiki. Na kinga yake ni maumivu ya dakika moja.”

Shangazi hakujibu siku ile. Siku ilipofika, yeye ndiye aliyempakata mtoto wakati akidungwa pajani.

Sindano hii si chanjo, wala haimtii mtoto ugonjwa wowote. Shirika la Afya Duniani limeagiza apewe kila mtoto azaliwaye, baada ya saa ya kwanza ya kukaa kifuani kwa mama yake. Aliyezaliwa nyumbani naye apelekwe kwa mkunga wa hospitali upesi, maana ndiye anayesahauliwa zaidi. Na mama aliyekuwa akinywa dawa za kifafa au za kifua kikuu wakati wa mimba amwambie mkunga kabla ya kujifungua, kwani baadhi ya dawa hizo huipunguza zaidi vitamini hii kwa mtoto.

Liko jambo linalotuhusu sisi Waislamu hasa. Wapo wazazi wapendao kuwatahiri watoto wao wa kiume siku ya saba, na siku hizo akiba ya mtoto huwa bado ni ndogo. Kabla ya kisu, na waulize mambo mawili: je, mtoto alipata sindano yake? Na je, katika ukoo upo ugonjwa wa kurithi wa kutoka damu isiyokoma? Ugonjwa huo wa kurithi ni mwingine, na vitamini K haiutibu. Mtoto mchanga akitoka damu kitovuni au puani, akipata choo cheusi baada ya siku za mwanzo, akiwa na mavilio yasiyo na sababu, au akilegea na kukataa ziwa, asingojewe mpaka asubuhi.

Ama mzee, habari yake ni ya mifupa. Ndani ya mfupa imo protini ambayo nayo huhitaji vitamini K ili ishike kalsiamu, kama zile za damu. Kwa sababu hiyo wako wauzao vidonge kwa ahadi ya kuimarisha mifupa. Lakini majaribio ya vidonge hivyo hayajakubaliana kuwa huzuia mzee asivunjike. Lenye uhakika zaidi ni la pamoja: mboga za majani, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa apatikanapo mwenye kuyamudu, jua la asubuhi, na kutembea. Mama aliyekoma hedhi mifupa yake hudhoofika upesi, na wakati mwingine kuanguka mara moja tu mlangoni humvunja nyonga. Tuwawekee taa usiku na tuondoe vitu njiani. Hiyo pia ni dawa.

Wa tatu ni anywaye warfarini. Wapo ndugu zetu waliobadilishiwa vilango vya moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na wengine walioganda damu miguuni. Dawa hii hufanya kazi kwa kuizuia vitamini K. Basi akila kisamvu sahani tele wiki nzima ghafla, dawa hushindwa na damu yaweza kuganda. Akiacha majani kabisa, dawa huzidi nguvu na damu yaweza kuvuja. Asikatazwe mboga, bali ale kiasi kile kile siku zote, na apimwe damu kwa miadi yake. Mwezi wa Ramadhani unapokaribia, mapishi na saa za kula zikibadilika, amwone tabibu mapema. Wala asichanganye dawa hiyo na aspirini au mitishamba bila ya kuuliza.

Hivyo jambo moja latutaka tufanye matatu: tumpe mtoto kile ambacho sufuria haiwezi kumpa, tumpikie mzee kwa utaratibu, na tumsaidie mgonjwa ashike mizani yake. Wazazi ambao wanangojea mtoto, ulizaneni habari hii leo, kabla uchungu haujashika. Mwenyezi Mungu awajaalie uzao wenye siha, na atuwezeshe kuzilinda amana zake. Amin.