Safari Bila Pasipoti

Basi washkaji, wiki hii siwapeleki Bagamoyo wala Mombasa. Twende ndani ya Blade & Soul, gemu la kung fu la kampuni ya NCSoft ya Korea Kusini. Kwao lilitoka 2012, Ulaya na Marekani 2016. Linachezwa kwa intaneti, na watu usiowajua.

Safari inaanzia chuo cha Hongmoon, juu ya jabali, chini bahari. Wewe ndiye mwanafunzi mdogo kuliko wote. Unafundishwa kupiga na kukinga. Ghafla anatokea Jinsoyun, mwanamke mkali balaa. Anamuua mwalimu na wenzako. Unaporomoka majini, unazindukia Kijiji cha Mianzi, kisasi moyoni. Hata huko hakuna raha: maharamia wa Blackram hawaishi kukisumbua.

Wengi hapo wanakimbilia vita. Mimi nilirudi nyuma. Kocha wangu wa karate alifariki nikiwa mbali, sikumzika. Basi nikaunda shujaa mwingine, nikaanza upya kule jabalini. Mazoezi yale yale, mzee yuko hai. Najua kitakachomkuta, kwa hiyo nayafanya polepole mno.