Tembe za Kupata Mimba: Usiuze Mbuzi Kabla ya Kupimwa

Je, wewe ni miongoni mwa akina mama wanaotafuta mtoto ndani ya chupa ya tembe?

Wifi yangu anayeishi Kakuma, ambaye ameniruhusu niandike haya, ametafuta humo. Huu ni mwaka wake wa nne katika ndoa. Wakwe zake, yaani wazazi wangu, wanauliza kila tunapokutana Lodwar. Mwaka jana aliuza mbuzi wawili, akanunua chupa tatu kwa mchuuzi aliyemwapia kwamba dawa hiyo "inasafisha kizazi". Chupa zikaisha, mimba haikushika.

Si kwamba lishe haina maana. Sisi wa Turkana tunalijua hilo tangu jadi. Mwaka 1989 watafiti Leslie na Fry walichapisha uchunguzi kuhusu wafugaji wetu wanaohamahama: zaidi ya nusu ya watoto walizaliwa kati ya Machi na Juni. Hebu hesabu miezi tisa kurudi nyuma. Utafika majira yanayofuata mvua, wakati maziwa ni tele na mume hayuko mbali na mifugo. Huko Uholanzi nako, njaa ya 1944 na 1945 ilipunguza uzazi, kwani mwili uliokonda mno huacha kupevusha yai.

Basi tembe zipi zina faida? Ya kwanza ni asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, ianzwe angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba na iendelee hadi wiki ya 12. Hiyo humkinga mtoto na kasoro za ubongo na uti wa mgongo. Haiahidi mimba. Ya pili ni madini ya chuma kwa mwenye upungufu wa damu, na ni vyema asiyameze pamoja na chai, kwa maana chai huyazuia kuingia mwilini. Aidha, tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaopakiwa viwandani uongezwe virutubisho hivyo. Samaki wa ziwani, kunde, maziwa na nyama pia vina kazi yake.

Jihadhari na vitamini A iliyozidi. Ikimezwa kwa wingi mwanzoni mwa mimba, yaweza kumlemaza mtoto.

Lakini hakuna tembe ya lishe inayozibua mirija iliyozibwa na makovu ya magonjwa ya zinaa. Wala tembe anayomeza mke haiongezi mbegu za mume. Mkiwa mmejaribu kwa mwaka mzima bila mafanikio, au miezi sita ikiwa mama amepita umri wa miaka 35, nendeni hospitalini. Nendeni wawili.

Hapo ndipo penye kidonda nyumbani kwetu. Wifi yangu amepimwa, akaambiwa hana kasoro iliyoonekana. Kaka yangu hajakanyaga kliniki hata siku moja, na hakuna anayemuuliza. Wazee walisema mficha uchi hazai. Kupima mbegu ni kazi ya siku moja, wala hakumpunguzii mtu uanaume.

Kaka, najua gazeti hili hulisoma. Mbuzi waliobaki waacheni zizini. Jumatatu ongozana na mkeo.