Antena au Dishi: Mfuko wa Nyumba Uamue

Katika nyumba za askari huko Mbuya, Kampala, kununua televisheni si mwisho wa gharama, bali ni mwanzo wake. Bwana hutaka dishi, apate kutazama mpira. Bibi, ashikaye mfuko wa nyumba, hukumbuka karo ya watoto. Kila mmoja ana haki yake, na hivyo yafaa jambo hili lipimwe kwa utulivu.

Tangu televisheni ilipoanza Uganda mwaka 1963, antena ilitosha. Mwaka 2015 mitambo ya analogia ilizimwa Kampala. Sasa antena huhitaji king'amuzi, au televisheni yenye kipokezi cha dijitali ndani yake. Kilima cha Kololo, chenye milingoti, hakiko mbali na Mbuya, na UBC huonekana bila ada. Lakini mnunuzi aulize kwanza, kwani GOtv nayo hutumia antena, na hulipiwa.

Dishi hupokea mawimbi kutoka setilaiti iliyo juu kilomita zipatazo 36,000. Vipindi ni vingi, ila mvua kubwa huyadhoofisha mawimbi. Na askari ahamishwapo, fundi hana budi kulielekeza upya. Waya hufaa pale tu ulipokwisha kufika mlangoni.

Swali kubwa ni hili: bwana akipelekwa kazini mbali, nani atalipa ada ya kila mwezi? Jibu lisipokuwapo, antena yatosha. Mpira ukikosekana hutazamwa kwa jirani. Karo ikikosekana, mtoto hurudishwa nyumbani.