Mlima Uliozaliwa Baharini

Ziwa la Braies, kaskazini mwa Italia, liko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Maji yake ni ya kijani, na ukitia vidole baridi inaingia hadi mfupani. Asubuhi na mapema mashua za mbao bado zimefungwa. Misonobari imesogea hadi ukingoni, na upande wa kusini ukuta wa jiwe la kijivu umesimama wima hadi kilele cha Croda del Becco, mita 2,810. Mtu hukitazama kilele hicho mpaka kofia ikamwanguka. Hapa ndipo inapoanzia Alta Via 1, njia ya miguu ya kilomita zipatazo 120 inayoikata milima ya Dolomiti kutoka kaskazini kwenda kusini. Mimi na mume wangu tulikuja kutembea sehemu yake ya kaskazini, shanta mgongoni, tukilala katika nyumba za wapanda mlima zilizo njiani.

Harufu ya kwanza ni ya utomvu. Njia inapanda msituni, kisha miti inaanza kufupika, mpaka inabaki aina moja tu ya msonobari unaotambaa ardhini. Juu zaidi hata huo hauonekani. Yanabaki mawe. Ni vifusi vilivyoporomoka kutoka kwenye majabali, vyeupe, vyenye makali, na kila hatua unayopanda inakurudisha nyuma kidogo. Mahali pembamba pamefungwa waya mnene wa chuma ukutani, uliong'arishwa na mikono ya waliotangulia. Alama za njia ni mistari myekundu na myeupe iliyopakwa juu ya mawe, na pembetatu ya buluu yenye tarakimu 1 ndani yake. Tulipofika mgongoni mwa mlima upepo ulitupiga usoni. Chini yetu, upande wa pili, palikuwa na nyumba moja ya mawe katikati ya uwanda mtupu. Hiyo ndiyo Rifugio Biella.

Nyumba hizi zina desturi zake. Buti na fimbo huachwa katika chumba cha mlangoni, penye harufu ya ngozi iliyolowa, na mgeni huingia ndani kwa kandambili. Bwenini vitanda ni vya ghorofa, vimebanana. Blanketi utapewa, lakini shuka lililoshonwa kama mfuko unakuja nalo mwenyewe. Maji huangaliwa sana, kwa kuwa mvua na theluji hupita upesi ndani ya jiwe hili na chemchemi ni chache. Saa nne usiku taa huzimwa. Baada ya hapo kuna mikoromo, mbao zinazolia mtu akijigeuza, na upepo dirishani.

Chakula cha jioni ni kimoja kwa wote, saa moja kamili. Mwenyeji ndiye anayekupangia kiti, na hakuna meza ya wawili. Supu ya shayiri ilikuja katika bakuli zito, kisha matonge ya mkate mkavu uliokandwa kwa maziwa na mayai, yakachemshwa. Kwa kawaida hutiwa nyama ya nguruwe. Tuliomba ya spinachi na jibini, tukaletewa bila kuulizwa sababu.

Kesho yake njia ilishuka hadi malisho ya Sennes, kisha ikapanda tena kuelekea Fanes. Kengele za ng'ombe zilisikika kabla ya ng'ombe wenyewe kuonekana. Fanes ni bonde la juu lenye vijito na majani mafupi, lililozungukwa na mabamba ya mwamba yaliyolala matabaka kwa matabaka. Juu ya bamba moja mume wangu aliinama, akapitisha kidole juu ya umbo linalofanana na moyo, kubwa kiasi cha kiganja.

“Njoo utazame,” aliniita. “Hawa ni kombe, wallahi.”

Naam, walikuwa kombe. Bamba zima lilijaa alama zao. Zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita sehemu kubwa ya milima hii ilikuwa chini ya bahari ya joto: miamba iliyojengwa na mwani, sponji na matumbawe, na nyanda za tope ambako maji yalijaa na kupwa. Afrika ilipokuwa ikisogea kaskazini na kuisukuma Ulaya, sakafu ile ya bahari ikainuliwa hadi hapa. Sisi ni watu wa Mombasa. Tumekulia katika nyumba za mawe ya matumbawe, na maji yakipwa tumeokota kombe kwa ndoo. Sikutegemea kuwakuta mita 2,000 juu, ng'ombe wakila majani kando yao.

Kutoka Fanes hadi Lagazuoi ni kupanda kwa muda mrefu, jua likiakisiwa na jiwe jeupe kutoka pande zote. Karibu na kilele palianza kuonekana mbao zilizooza, waya wenye kutu, na midomo ya mapango yenye umbo la mraba. Kati ya 1915 na 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, jeshi la Italia na lile la Austria-Hungaria yalipigana juu ya mlima huu. Yalichimba ndani ya mwamba ili kumfikia adui kwa chini na kumlipua. Alama za milipuko hiyo bado ziko: sehemu za mlima zimekatika, na vifusi vimemwagika hadi mbali.

Nyumba ya Lagazuoi iko mita 2,752. Jioni tulikaa kwenye baraza lake la mbao. Marmolada ilikuwa mbele yetu na barafu yake, Tofana kushoto, na Cinque Torri, minara mitano ya mawe, chini yetu. Jua lilipozama majabali yaligeuka manjano, kisha waridi, kisha zambarau. Baridi ikatuingiza ndani. Mezani tulikaa na wazee wawili waliozungumza Kijerumani na vijana wa Padova waliozungumza Kiitaliano. Kikapu cha mkate kilizunguka. Mzee alitumiminia maji kabla ya kujimiminia yeye.

Asubuhi tulishuka kwa handaki la Waitaliano, kofia ngumu kichwani na tochi mkononi. Ngazi ni za mwamba, zimelowa, zinashuka wima gizani. Pembeni kuna vyumba vidogo walimolala askari majira yote ya baridi, na matundu ya kufyatulia risasi yanayotazama bondeni. Nilishika ukuta. Ni jiwe lilelile la baharini, na alama za patasi bado zina ncha.

Vita hivyo vilifika hadi kwetu, Tanga na Taveta, vikaua maelfu ya wapagazi wasio na makaburi yanayojulikana. Kwa hiyo sikuweza kupita handakini kama mgeni wa jambo lisilonihusu. Vijana walifia humu wakigombea kilele ambapo leo yeyote anayefika amechoka hupewa kitanda, blanketi na bakuli la supu, na kuketishwa karibu na asiyemjua. Anayewafundisha watoto habari za vita vile, kama ana uwezo, na awalete hapa. Awapitishe handakini mchana, na usiku awakalishe kwenye meza ile.