Mtaka cha Mvunguni: Mchezaji, Mkongwe na Msimu wa Mapumziko

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walinena wahenga. Methali hii tumeifafanua darasani mara nyingi hata ikakaribia kupoteza makali yake. Binafsi, sikupata kuiona ikitendeka waziwazi kama ilivyotendeka katika majira ya joto ya mwaka 2025 mjini Houston, Marekani, pale kijana mwenye kimo cha mita 2.24 alipoinama mbele ya mzee wa miaka 62 ili afunzwe namna ya kuweka miguu. Kijana huyo ni Victor Wembanyama, Mfaransa ambaye asili ya baba yake ni Kongo, mchezaji wa mpira wa kikapu katika timu ya San Antonio Spurs. Mzee ni Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, Nigeria, aliyestaafu mchezo huo mwaka 2002. Huenda msomaji akauliza: jarida la Kiswahili lina hoja gani na mpira wa kikapu? Namwomba subira. Mimi ni mpenzi wa mchezo huu tangu shule ya msingi, na pia ni mwanafunzi wa ushairi. Na kadiri ninavyoendelea na masomo ya uzamili ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba wachezaji hawa wanalifahamu jambo moja ambalo sisi wasomi tumeanza kulisahau.

Kwanza, tuutazame wakati wenyewe. Ligi ya Marekani, NBA, huanza mwezi wa Oktoba. Kila timu hucheza mechi 82 kabla ya hatua ya mtoano, na bingwa hupatikana Juni. Katika miezi hiyo yote mchezaji hana nafasi ya kujifunza jambo geni. Ajaribuye mbinu asiyoimudu mbele ya maelfu ya watazamaji hupokonywa mpira, na apokonywaye mpira huketishwa benchi. Kwa hiyo hurudia yale ayajuayo. Ni katika miezi ya mapumziko, pasipo refa wala alama, ndipo mtu anapoweza kukosea mara mia kwa siku bila kuadhibiwa. Wembanyama alikuwa na sababu ya ziada ya kuithamini miezi hiyo. Februari 2025 aligunduliwa kuwa na mgando wa damu katika bega la kulia, na msimu wake ukakatika hapo. Kijana wa miaka 21 aliyekwisha kuchaguliwa mchezaji bora mgeni wa mwaka 2024 alitambua mapema kwamba kipaji ni amana, na amana huweza kudaiwa wakati wowote.

Je, Olajuwon humfunza nini mtu kama huyo? Si urefu, kwa kuwa kijana amempita. Si nguvu, maana umri umekwisha kuzipunguza. Humfunza miguu. Kabla ya kukijua kikapu, Olajuwon alikuwa golikipa wa kandanda na mchezaji wa mpira wa mikono kule Lagos, na amepata kueleza kwamba hila iliyompa umaarufu, ile ‘Dream Shake’, ilitokana na michezo hiyo. Mchezaji hupokea mpira akiwa amekipa kikapu kisogo. Hutikisa bega upande mmoja kana kwamba anageukia huko. Mlinzi akishahamisha uzito wake kufuata bega, mguu huzunguka upande wa pili na njia huwa wazi. Ukiitazama hila hiyo katika picha za video utaona mguu ulikokwenda. Hutaona uzito wa mwili ulikuwa wapi, wala ni kwa kadiri gani bega liliruhusiwa kudanganya. Hayo yataka mtu akusimamie mgongoni, akuegemee, akwambie, “Sivyo, rudia.”

Wembanyama hakuwa wa kwanza kubisha hodi. Kobe Bryant alikwenda Houston mwaka 2009, punde baada ya kutwaa ubingwa. Naye LeBron James alikwenda mwaka 2011, punde baada ya kuukosa. Tofauti hii hunipa mazingatio. Bryant alikwenda akiwa ameshiba, na mtu aliyeshiba ni nadra kuomba chakula. James alikwenda akiwa amejeruhiwa: katika fainali ya mwaka huo dhidi ya Dallas Mavericks, mechi ya nne, alifunga alama 8 tu, na mara kadhaa alizuiwa na walinzi waliokuwa wafupi kuliko yeye kwa kuwa hakuwa mwepesi wa kuwapeleka karibu na kikapu na kuwageukia. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi wakati huo, na nakumbuka jinsi alivyokejeliwa. Mwaka 2012 alicheza karibu na kikapu kwa utulivu tusiouzoea kwake, akatwaa ubingwa wake wa kwanza na kutangazwa mchezaji bora wa fainali.

Hata hivyo, tusitie chumvi. Dwight Howard naye alifunzwa na Olajuwon mwaka 2010. Alibaki mlinzi hodari kama alivyokuwa, lakini hakugeuka kuwa Olajuwon. Hali kadhalika, Wembanyama alipoufungua msimu mnamo Oktoba 2025 kwa kufunga alama 40 dhidi ya Dallas, nisingethubutu kusema kwamba zote zilitoka Houston. Mkufunzi hutoa hatua. Mwili ni wa mwanagenzi, na ndio unaoamua ni hatua ipi itakayoota mizizi.

Kuna jambo jingine ambalo aghalabu husahauliwa. Olajuwon mwenyewe alikuwa mwanagenzi. Alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Houston mwanzoni mwa miaka ya 1980, alizitumia likizo zake katika ukumbi wa Fonde mjini humo akipambana na Moses Malone, aliyekuwa mmoja wa wachezaji bora kabisa wa zama hizo. Malone hakumpa mihadhara. Alimsukuma, akamgonga, akamnyang’anya mpira, siku baada ya siku, hata kijana akalazimika kubuni njia ya kumkwepa mtu asiyeweza kumshinda kwa nguvu. Malone aliaga dunia mwaka 2015, lakini anapogeuka Wembanyama leo, kitu cha Malone hugeuka naye. Hii ndiyo silsila, na haikupitia katika kitabu chochote.

Sisi wa fasihi ya Kiswahili hatuna ugeni na silsila. Abdilatif Abdalla hakuzuka gizani. Alilelewa katika ukoo wa washairi, na Ahmad Nassir Juma Bhalo ni kaka yake. Katika pwani yetu, mwanagenzi alikuwa akiketi na manju, akijibizana naye, akipigwa na beti na kujifunza kupiga. Swali ni hili: sisi tulio vyuoni leo huwaendea wakongwe hao kwa nia gani?

Nilipokwenda Mombasa kukusanya data ya tasnifu yangu, nilielekezwa kwa mshairi mmoja wa Mji wa Kale, mzee aliyekaribia miaka themanini. Nilikuwa na hojaji ya maswali 24 na kinasa sauti. Nilimwamkia, tukaketi barazani, nikamweleza kusudi langu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, “Wewe watunga, mwanangu, au waja kuuliza tu?” Nikamjibu, “Natunga kidogo, Maalim.” Akasema, “Basi tunga kwanza. Maswali yako hayana mbio.”

Alinipa masharti. Ubeti mmoja wa tarbia kwa siku, mizani kumi na sita kila mshororo, kina cha ukwapi kiwe ‘ma’ na cha utao kiwe ‘ni’, wala vina hivyo visibadilike kwa majuma mawili. Kila siku baada ya swala ya alasiri nilimghania ubeti wangu, naye papo hapo alinijibu kwa vina vivyo hivyo, akiivunja hoja yangu. Kesho yake ilinibidi nijitetee. Kufikia siku ya tano maneno yote mepesi yenye ‘ma’ yalikuwa yamekwisha, na ndipo nilipoanza kuyaona mengine yaliyokuwa yamejificha nyuma yao. Kufikia siku ya tisa nilikuwa ninaisikia mizani bila kuihesabu vidoleni. Majuma mawili yalipotimia, nusu ya maswali ya hojaji yangu yalikuwa yamekwisha kujijibu, na nusu ya pili hayakuwa na haja ya kuulizwa.

Siku ya kuagana aliniambia neno ambalo halijanitoka hadi leo: “Tangu afe mwenzangu, sijapata wa kunijibu.” Macho yake yameanza kuingia ukungu. Wanawe wawili wako Ghuba kikazi. Tungo zake nyingi hazijaandikwa popote. Nilikuwa nimedhani kwamba katika mapatano yetu mwenye njaa ni mimi. Kumbe naye alikuwa na njaa ya mpinzani. Mkongwe asiye na wa kumjibu huwa kama kisima kisichotekwa: maji yamo, lakini yanatuama.

Hapa ndipo wachezaji wanapotupita. Wao humwendea mstaafu ili awafunze kutenda. Sisi humwendea ili tumwandike. Huchukua saa mbili, picha moja na sahihi ya idhini, kisha jina lake likaingia katika orodha ya wahojiwa. Sisemi kwamba hojaji haina faida. Bila hiyo hakuna tasnifu. Nasema kwamba hojaji huuliza kile ambacho muulizaji tayari anajua kwamba hakijui, ilhali manju humwonyesha mwanagenzi yale ambayo hakujua kwamba yapo.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Likizo ndefu ni wakati wa vibarua. Karo hailipwi kwa beti. Isitoshe, hakuna idara inayotuza alama kwa majuma mawili ya kujibizana barazani. Ni kweli. Lakini ukumbi wa Fonde nao haukumtunuku Olajuwon shahada. Wala si lazima kila mmoja wetu afunge safari ya Mombasa au Lamu. Wako wahadhiri wetu waliostaafu, wanaoishi mwendo mfupi kutoka vyuoni, waliotunga, waliotafsiri, waliosanifu istilahi tunazozitumia leo bila kujua zilitoka wapi. Chama chetu kinaweza kuanza na jambo dogo: kuandika orodha ya wakongwe walio tayari, na orodha ya wanafunzi walio tayari kwenda mikono mitupu, na kuwakutanisha likizo ijayo.

Mzee wangu nimeahidi kumrudia mwezi wa Agosti. Ameshanitumia vina kupitia kwa mjukuu wake: safari hii ni ‘zo’ na ‘ye’. Nimekwisha kuanza kutafuta maneno.